Diski kubwa katika kompyuta kuukuu yaweza kufuta hesabu za biashara

MFANYABIASHARA wa mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, anayehifadhi hesabu za marobota na madeni ya wateja katika kompyuta kuukuu, hufikia siku akakosa nafasi. Wengi huona suluhisho ni kununua diski kubwa na kuifunga ndani ya mashine ileile.

Hata hivyo, diski kuonekana kwenye skrini si ithibati kwamba imekubaliwa yote. Mashine ya zamani yaweza kuitambua sehemu tu, au ikaandika juu ya kumbukumbu za awali bila kutoa onyo.

Diski hugawanywa katika vipande viitwavyo sekta, na kwa kawaida kompyuta huhesabu kila kimoja kuwa cha baiti 512. Kila sekta hupewa nambari, mithili ya vibanda vya sokoni. Nambari zikiisha, vibanda vilivyosalia havifikiki hata kama vipo.

Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya 2002 zilitumia nambari za biti 28, ambazo hutosha gigabaiti 137 pekee. Kanuni ya ATA-6 ya mwaka wa 2002 iliongeza biti hizo hadi 48, na Windows XP ikapata uwezo huo kupitia Service Pack 1 mwaka uo huo.

Hatari kubwa hutokea diski inapotayarishwa katika mashine mpya kisha ikahamishiwa kwa mfumo usiojua biti 48. Kikomo kikipitwa, hesabu yaweza kurudi kwenye sifuri, na data mpya ikafuta mwanzo wa diski, mahali panapohifadhiwa mpangilio wa diski yenyewe.

Kikomo cha pili ni terabaiti 2.2, nacho hutokana na jedwali la MBR lenye nambari za biti 32. Diski kubwa zaidi huhitaji jedwali la GPT. Windows XP ya biti 32 haiwezi kulisoma. Windows 7 hulisoma, lakini haiwezi kuwaka kutoka kwalo isipokuwa iwe ya biti 64 katika mashine yenye UEFI badala ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta.

Hata hivyo, si kila upungufu ni hitilafu. Diski ya gigabaiti 500 huonyeshwa na Windows kuwa 465 kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa elfu moja, nayo Windows kwa 1,024.

Anayekusudia kubadilisha diski anafaa kwanza kunakili data zake zote kwingineko. Kisha atazame iwapo mashine hutumia waya mpana wa IDE au mwembamba wa SATA, na kukagua ukubwa unaoonyeshwa na BIOS.

Ukubwa ukipungua mno, BIOS yaweza kusasishwa kwa programu ya mtengenezaji. Kazi hiyo isifanywe bila akiba ya umeme, kwani umeme ukikatika katikati, mashine yaweza kukataa kuwaka kabisa.

Njia salama zaidi ni kuiacha diski ndogo ya zamani iendeshe Windows, na ile kubwa iwekwe data tu, kupitia kadi ya PCI yenye kidhibiti chake au kisanduku cha USB. Njia hii huikwepa BIOS, ingawa haiondoi kikomo cha Windows yenyewe.

Kabla ya kuiamini, diski ijazwe faili za majaribio hadi kupita kikomo, kisha zile za kwanza zifunguliwe. Zikikataa, diski hiyo isiwekwe hesabu yoyote.

Hata ikifaulu, diski moja haitoshi. Gikomba imeteketea mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Nakala ya pili inafaa kulala nyumbani wala si kibandani.