Utangulizi: Nyegere na Mmea wa Mbugani

Mvua za Novemba zikishalowesha mbuga za Tabora, inama utazame udongo mtupu kando ya njia. Utaona duara la kijani, bapa, limeshikamana na ardhi, upana wake sentimita moja au mbili. Ni Riccia, mmea usio na maua, mbegu wala mizizi ya kweli. Aina nyingi za Riccia hujikunja na kukauka kiangazi, kisha mvua ikirudi hufunguka tena. Juu yake, kwenye miyombo, hutundikwa mizinga ambayo wafugaji nyuki huihangaikia kwa sababu ya nyegere, mla nyama mwenye uchu wa asali na majana.

Kwa nini tuwalinganishe hawa wawili? Karibu katika biolojia linganishi; swali hilo ndilo mlango wake.

Anza na manii. Ya Riccia huogelea kwenye maji ya mvua kwa mikia miwili, ya nyegere kwa mmoja. Ukiukata mkia kimkingamo na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, kote utakuta mpangilio uleule: jozi tisa za vijineli zikizunguka vijineli viwili vya katikati. Huo ni urithi kutoka kwa babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Sasa tazama mama. Kiinitete cha Riccia hukulia ndani ya mwili wa mama, kikilishwa na seli zinazokizunguka. Nyegere naye hulisha mimba yake kwa kondo. Ufanano huu si urithi hata kidogo. Koo hizi ziliachana kabla ya yoyote kulea mtoto mwilini, kama misafara iliyoagana Tabora, mmoja ukaenda Ujiji na mwingine Karagwe, kisha kila mmoja ukajenga kambi ya namna moja bila kuonana. Kwangu mimi, kutenganisha ufanano wa kurithi na ufanano wa kubuni upya ndiyo kazi tamu kuliko zote katika elimu hii.

Tofauti nazo zina uzito. Spora za Riccia hutoka mwili wa mama unapooza. Mtoto wa nyegere humfuata mama yake zaidi ya mwaka.

Mpelelezi James Grant, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, na mpelelezi mwenzake Speke mwaka 1861, alikusanya mimea njiani. Wewe, ukitaka kuanza uchunguzi wako, utahitaji lenzi ya mkononi, na ruhusa ya mfugaji nyuki ukague alama za makucha kwenye mti wake.