Chile: Soko Huru Chini ya Mtutu

Falsafa ya ulibertari humpa kila mtu mamlaka juu ya nafsi yake na mali yake, na kuibakizia serikali kazi chache: ulinzi, mahakama na kusimamia mikataba. Kwa mantiki hiyo, anayepinga kodi kubwa na bei za kupangwa anapaswa kupinga pia watu kuwekwa kizuizini bila kesi. Nchini Chile mambo hayo yalitenganishwa: uhuru wa soko uliletwa na wanajeshi, uhuru mwingine ukafungiwa nje.

Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile kiliingia makubaliano na Chuo Kikuu cha Chicago, vijana wakaenda kusomea uchumi kwa walimu kama Milton Friedman na Arnold Harberger. Waliporudi wakabandikwa jina la Chicago Boys. Wapiga kura hawakuvutiwa na mawazo yao. Mwaka 1970 walimchagua Salvador Allende, msoshalisti. Jenerali Augusto Pinochet na wenzake walipompindua tarehe 11 Septemba 1973, andiko la wachumi hao, lililoitwa “Tofali” kwa unene wake, lilikuwa tayari kwa watawala wapya.

Friedman alifika Santiago mwaka 1975, akaonana na Pinochet na kumshauri akate matumizi ya serikali mara moja. Bei ziliachiwa, ushuru wa forodha ukashushwa, mashirika ya umma yakauzwa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimebanwa, kwa hiyo wa kugoma hakuwapo. Katika miaka 17 ya utawala huo watu zaidi ya 3,000 waliuawa au kutoweka, na maelfu kwa maelfu wakateswa. Friedman alijitetea kwamba uhuru wa uchumi huzaa uhuru wa siasa. Mchumi mwenzake Friedrich Hayek alikwenda mbali zaidi: mwaka 1981 alilieleza gazeti la Chile kwamba yeye angechagua dikteta anayeheshimu soko kuliko demokrasia isiyoliheshimu. Kwa mtetezi wa uhuru, hiyo ni kauli nzito.

Mwaka huohuo pensheni ziliwekwa mikononi mwa makampuni binafsi yaitwayo AFP. Mfanyakazi alikatwa asilimia 10 ya mshahara, fedha zikaingia kwenye akaunti yake, mwajiri hakuchangia kitu. Mtumishi wa nyumbani aliyekaa miezi bila mkataba aliiacha akaunti yake ikiwa haina kitu miezi hiyo, na uzeeni akaambulia pensheni kiduchu. Wanajeshi walibaki na mfuko wao wa zamani unaodhaminiwa na serikali. Shaba nayo, kupitia shirika la umma la Codelco, haikuuzwa. Sehemu ya mapato yake ilikwenda jeshini.

Mwaka 1982 uchumi uliporomoka kwa takriban asilimia 14, na mwaka uliofuata serikali ileile iliyohubiri kujiweka kando ikazitwaa benki kubwa zilizokuwa zikizama. Baadaye uchumi ulikua kwa kasi, hasa baada ya demokrasia kurejea mwaka 1990, na umaskini ukapungua sana. Wafuasi wa Chicago huhesabu hayo kuwa ushindi wao. Wapinzani huonyesha pengo la kipato na maandamano ya 2019, yaliyoanza kwa nauli ya metro kupanda peso 30.

Baada ya maandamano hayo, mapendekezo mawili ya katiba mpya yalikataliwa kwa kura, mwaka 2022 na 2023, kwa hiyo katiba ya 1980 ya enzi za Pinochet, iliyokwisha kurekebishwa mara nyingi, bado inatumika. Mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria inayowataka waajiri wachangie pensheni. AFP zimebaki.