Kiboko Aliyetaka Kuwa Kila Kitu

Sogeeni, wanangu. Leo twaenda Garsen, kule Mto Tana unakotapakaa kabla ya kuingia baharini. Huko kuna njia ziitwazo malka. Hupita katikati ya mashamba, ng'ombe wa Waorma wapate kuyafikia maji bila kukanyaga mpunga wa Wapokomo. Kiangazi kikikaza, malka ni uhai.

Basi zamani wanyama nao walikuwa na malka yao. Siku moja Kiboko akaja, akajibwaga njiani. "Sheria nitatunga mimi. Njia nitalinda mimi. Ugomvi nitaamua mimi."

Wanyama wakanyamaza. Kinywa cha Kiboko mwakijua.

Kiboko akatunga sheria: kila anywaye maji amletee majani. Kesho yake akamkamata Swara. "Majani yako machache!"

"Umenionea," akalia Swara. "Nitashtaki!"

"Shtaki."

"Kwa nani?"

"Kwangu mimi."

Tumbili alikuwa juu ya mkindu. Akauliza, "Na wewe Kiboko ukivunja sheria, nani atakukamata?" Kiboko akafungua kinywa, asipate la kusema. Ndipo wanyama wakapatana. Sheria zitungwe na baraza la wanyama wote. Kiboko alinde njia. Ugomvi aamue Kobe.

"Mjomba, mbona hawakumfukuza tu?"

Aa, swali zuri hilo! Mtoto aulizaye hivyo ana akili inayochimba. Hawakumfukuza kwa sababu njia yataka mlinzi mwenye nguvu. Walichotaka ni nguvu zake ziwe na mpaka.

Kenya nayo imejipangia hivyo katika Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Bunge hutunga sheria. Rais na mawaziri wake huzitekeleza. Mahakama huamua ugomvi. Na kila mmoja humwangalia mwenzake. Rais asiporidhika na mswada, huurudisha Bungeni. Lakini thuluthi mbili ya wabunge wakiushikilia, utakuwa sheria. Serikali ikitaka pesa, Bunge ndilo huidhinisha. Hata Kaunti ya Tana River ina gavana na ina bunge lake, na bunge hilo laweza kumhoji gavana.

"Lakini mjomba, mtu wa kawaida aweza kuizuia serikali?"

Hapo ndipo nilipotaka tufike! Sikilizeni jambo la kweli kabisa.

Mamlaka moja ya serikali, iitwayo TARDA, ilikuwa na mpango wa kupanda miwa kwenye maelfu ya hekta za delta ya Tana. Delta hiyo ndiyo malisho ya mfugaji kiangazi, ndiyo shamba la mkulima, ndiyo kimbilio la ndege na samaki. Watu wakauliza: mbona hatukuulizwa? Mwaka 2010 wakazi wanne wakaenda Mahakama Kuu, Nairobi, kwa niaba ya wenzao. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na karatasi na wakili.

Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu. Akaamuru ifanywe mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, na wenyeji washirikishwe kikamilifu.

"Kwa hiyo jaji alikataza miwa?"

La, mwanangu, na hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye utamu wenyewe. Jaji hakuwapangia shamba. Kupanga shamba si kazi yake. Alichosema ni kwamba anayepanga lazima afuate Katiba, na Katiba yataka wananchi wasikilizwe. Kobe hakujifanya Kiboko. Mimi naipenda hukumu ile kwa sababu hiyo hasa: jaji aliirudisha serikali kwenye mstari, na yeye mwenyewe akabaki kwenye mstari wake.

"Na jaji akikosea, mjomba?"

Heee! Leo mmeamka na maswali! Jaji akikosea, twaenda Mahakama ya Rufaa, na pengine hadi Mahakama ya Juu. Akifanya utovu wa nidhamu, mtu yeyote aweza kumlalamikia kwa Tume ya Huduma za Mahakama.

Siku hizi hata Garsen kuna Mahakama Kuu; mkazi wa delta halazimiki kusafiri hadi Nairobi kama wale wanne. Na kesi husikilizwa hadharani. Mwombeni mwalimu awapeleke siku moja, mkae kimya nyuma, mtazame Kobe akifanya kazi.