Mchagua Kamera Si Mpiga Picha?

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo alinirushia ami yangu majuzi, aliponiona nimekaa barazani wiki nzima nikilinganisha kamera mbili kwa kalamu na karatasi. Nami nakiri alikuwa na haki ya kuniteta, maana fedha nilizokuwa nikizipigia hesabu zilitokana na hisa yangu katika mashua aliyotuachia marehemu baba. Hisa ya mashua ikisha kuuzwa hairudi.

Lakini aliyenitia katika mashaka hayo ni yeye mwenyewe. Ami alikuwa nahodha miaka mingi, na sasa macho yamefifia. Haoni kitu sawasawa ila akisogeze shubiri moja na uso. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa huko Kililana mwezi Mei 2021, amekuwa akiniambia nimpigie picha ya Mkanda, mlango ule upitao baina ya kisiwa cha Manda na bara, apate kuwa nayo chumbani kabla sura ya maji haijabadilika zaidi.

Nikampigia kwa kamera yangu kuukuu, Nikon D90 iliyotoka mwaka 2008, na picha ikachapishwa kwa upana wa futi tatu. Wageni waliosimama mlangoni waliisifu. Ami akaisogelea, akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, mashua hii ina mlingoti au haina? Na mikoko hii mbona imekuwa kama uji?"

Sikuwa na la kumjibu ila hesabu. Picha ya kidijitali ni vidoa vidogo vingi vilivyopangwa safu kwa safu, navyo huitwa pikseli. D90 hutoa vidoa 4,288 kwa upana. Futi tatu ni inchi 36, kwa hiyo kila inchi ilipata vidoa 119 tu. Atazamaye kutoka mlangoni haoni kasoro. Atazamaye kwa shubiri moja huona uji.

Mpya sikuzimudu, basi nikabaki na mbili za mkono wa pili: Nikon Z6 ya mwaka 2018 na Nikon D850 ya mwaka 2017. Zote zina kihisi mwanga cha milimita 36 kwa 24, ambacho eneo lake ni zaidi ya maradufu ya kile cha D90. Kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi, na hilo si jambo dogo kwa mpiga mandhari, kwani saa zetu ni zile baada ya sala ya Alfajiri na zile za jua kuchwa. Huku kwetu karibu na ikweta machweo hayangoji mtu. Atakaye rangi ile ya mawingu, naye hataki kuchelewa Magharibi, ana dakika chache mno za kubahatisha.

Z6 ilinivutia sana. Ni nyepesi, gramu 675 pamoja na betri, ilhali D850 imepita kilo moja. Haina kioo ndani yake, hivyo ukichungulia unaiona picha jinsi itakavyotoka, mwanga wake na giza lake. Tena kihisi chake huchezacheza ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Kama kazi yangu ingekuwa kupiga picha nikiwa ndani ya chombo kinachoyumba, ningeichukua bila kusita.

Walakini mimi husimama ufukweni na stendi ya miguu mitatu, na mtazamaji wangu ni ami. Kwa futi zile tatu, Z6 ingempa vidoa 168 kwa inchi. D850 ingempa 229. Betri ya Z6, kwa kipimo cha viwanda vya Japani, hutosha picha 310. Ya D850 hutosha 1,840, na niendako hakuna umeme. Z6 ina nafasi moja tu ya kadi, nayo ni ya aina ya XQD iliyo ghali. D850 huipokea hiyo na pia SD ya kawaida, ambazo ninazo tele. Kadhalika lenzi yangu ya zamani ya milimita 20 hutegemea mota iliyo ndani ya kamera. D850 inayo mota hiyo. Kwa Z6 ningelazimika kununua kiungo, kisha nilenge kwa mkono.

Nikachagua D850. Kabla ya kulipa nilitazama kilango chake kimefunguka mara ngapi, maana idadi hiyo huandikwa ndani ya kila picha, na kilango hicho kilipimwa kiwandani kwa mara 200,000. Nikachunguza pia kutu kwenye skrubu na mdomo wa lenzi, kwa kuwa chumvi ya bahari huanzia hapo. Fedha zilizobaki zilitosha stendi imara na nauli ya mashua, basi.

Asubuhi moja, baada ya kusali, nilisimika stendi ufukweni. Nikaipunguza lenzi hadi f/8 ili pembe za picha zisilegee, nikaiacha kamera ijifyatue yenyewe baada ya sekunde mbili nisije nikaitikisa. Bega lilinichoma kwa uzito njia nzima ya kurudi.

Picha ilipochapishwa, ami aliweka uso karibu nayo, akaenda nayo polepole kutoka kushoto kwenda kulia kama asomaye barua. Katikati akasimama. "Huyu," akasema, "tanga lake amelifunga vibaya."

Basi, msomaji, ukitaka kubadili kamera, usianze kwa kuuliza ipi ina vidoa vingi. Jiulize kwanza nani ataitazama picha, na atasimama umbali gani. Ikiwa itaishia kwenye simu ya mkononi, hiyo uliyo nayo yatosha, usiuze mashua.