Usimharakishe Rubani

Mwezi wa Aprili mwaka 2022, masika yakiwa yamepamba moto, nilipanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Sikuwa nakwenda kazini. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, alikuwa amefariki dunia usiku ule huko Muheza, na jamaa walikuwa wameafikiana kwamba maziko yawe siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Mabasi ya alfajiri yalikuwa yamekwisha ondoka. Ndege ndiyo iliyokuwa tegemeo langu la mwisho.

Tulitua Unguja salama, tukapaa tena kuelekea kaskazini. Tulipoukaribia mwambao wa Tanga bahari ilikuwa imegeuka rangi ya risasi, na mbele yetu pazia la mvua lilikuwa limening'inia toka mawinguni hadi kwenye minazi. Ndege ilishuka. Niliona mabati ya nyumba, nikaona barabara, nikaona na kipande cha lami ya kiwanja. Abiria walikwisha anza kukusanya mizigo yao. Mara injini ikanguruma kwa nguvu, pua ya ndege ikainuka, na nchi yote ikatoweka chini ya weupe wa wingu. Tulizunguka juu ya bahari kwa muda, kisha rubani akatutangazia kwa sauti ya utulivu kwamba tunarudi Unguja.

Minong'ono ilianza. Abiria mmoja alisema waziwazi kuwa rubani yule ni mwoga, kwani kiwanja kilikuwa kimekwisha onekana. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kumkubalia.

Nilifika Muheza kesho yake asubuhi. Mjomba alikuwa amekwisha zikwa. Mjane wake alinisikiliza nikimlaumu rubani, kisha akaniambia, "Mwanangu, mjomba wako tumemstiri vizuri. Lakini nawe ungeanguka jana, leo tungekuwa na matanga mawili. Kaa, unywe kahawa." Sikumwelewa sawasawa siku ile. Nilimwelewa miezi saba baadaye.

ASUBUHI YA BUKOBA

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ya aina ya ATR ya shirika la Precision Air, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na njia ya kurukia ya Bukoba iko kando kabisa ya ziwa. Ndani ya ndege ile walikuwamo watu 43. Wavuvi ndio waliowahi kufika, wakiwa katika mitumbwi yao, wakasaidia kuokoa watu. Waliookoka walikuwa 24. Wengine 19 hawakurudi makwao, na miongoni mwao walikuwamo marubani wote wawili.

Si kazi ya makala haya kuhukumu kilichotokea Bukoba. Lakini msiba ule ulitukumbusha Watanzania wote kwamba katika safari nzima ya angani, dakika chache za mwisho ndizo nzito kupita zote. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kiwanja kigumu ni kipi hasa, na sisi tunaokaa chini tuna sehemu gani katika ugumu huo.

HESABU YA KUSHUKA

Tuanze na hesabu nyepesi. Ndege ya abiria haishuki kama jiwe. Kwa kawaida huteremka kwa mteremko mdogo, takriban mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Maana yake ni kwamba ndege iliyo kilomita 1 juu ya nchi yahitaji kilomita 20 hivi za anga tupu mbele yake ili ifike chini kwa utaratibu. Ikiwa ndani ya kilomita hizo umesimama mlima, au minara, au majengo marefu, basi rubani hana budi kushuka kwa ghafula zaidi au kupinda njiani, na kila moja ya njia hizo humpunguzia nafasi ya kusahihisha kosa.

Jambo la pili ni upepo. Ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, kwa sababu hupunguza mwendo wake juu ya ardhi. Upepo ukija wa ubavuni, rubani hulazimika kuipindisha pua ya ndege upande unakotoka upepo, kama nahodha wa jahazi anavyofanya mkondo unapomsukuma, kisha ainyoshe dakika ya mwisho kabla magurudumu hayajagusa.

Jambo la tatu ni kimo cha kiwanja chenyewe. Kiwanja cha Arusha kiko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye mita 4,566. Mahali pa juu namna hiyo hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Mbawa hupata mzigo wa kuinua lakini hukosa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na ya kutulia.

TANGA KATI YA BAHARI NA MILIMA

Tukiitazama Tanga kwa vipimo hivyo, twaona kwanza mambo mema. Kiwanja kiko karibu na usawa wa bahari, mita 40 hivi tu, na upande wa mashariki hakuna mlima bali maji matupu hadi Pemba. Tanga si mgeni wa ndege pia. Katika miaka ya 1930 ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja aitwaye Florence Wilson, zilipita hapa zikichukua barua na abiria baina ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Baada yake likaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977.

Lakini kuna upande wa pili. Njia ya kurukia ya Tanga kwa miaka mingi imekuwa fupi, chini ya kilomita moja na nusu, na mji umekua hata nyumba zimekisogelea kiwanja. Tena magharibi yake imesimama milima ya Usambara. Kutoka Tanga mjini hadi Amani, kwa mstari ulionyoka, hazizidi kilomita 60. Ndege inayokwenda kilomita 300 kwa saa hukata kilomita 5 kwa kila dakika. Basi rubani aliyeupita mji na kuendelea magharibi ndani ya wingu ana dakika kumi na mbili tu kabla ya kukutana na vilele vinavyopita mita 1,000.

Na wingu hapo si jambo la nadra. Hewa yenye unyevu kutoka baharini husukumwa na upepo hadi ikutane na ukuta wa Usambara. Hulazimika kupanda, hupoa, huwa wingu, kisha mvua. Ndiyo sababu Amani kuna misitu minene na mashamba ya chai, na ndiyo sababu vilele vyake aghalabu hujifunika shuka. Kinachomneemesha mkulima ndicho kinachomfumba macho rubani.

Katika viwanja vikubwa, kama vile Dar es Salaam na Kilimanjaro, viko vyombo vya redio vinavyomwelekeza rubani njia ya kushuka hadi akaribie lami. Katika viwanja vingi vidogo hutegemea zaidi macho yake. Mvua ikiyafumba macho hayo, ujasiri hauwezi kuwa badala yake.

MLIMA USIOONEKANA

Historia ya pande zetu za kaskazini inalo funzo moja la kusikitisha. Tarehe 18 Mei, 1955, ndege ya aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Kilimanjaro una mita 5,895 na katika siku ya jua huonekana toka mbali sana; lakini mlima mkubwa kuliko yote Afrika ukijifunika mawingu, hauonekani hata ukiwa mbele ya pua.

Huenda ndiyo sababu tunapaswa kuwashukuru waliochagua mahali pa kujenga kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971. Hawakukisogeza Moshi mjini wala Arusha mjini. Walikiweka uwandani kati ya miji hiyo miwili, wakakipa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600. Wapo waliolalamika kwamba ni mbali. Lakini umbali ule ndio unaoipa ndege nafasi yake ya kushuka.

MJI UNAPOKIZINGIRA KIWANJA

Wenzetu wengine hawakubahatika hivyo. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, kiwanja kimebanwa upande mmoja na mji na upande wa pili na volkano ya Nyiragongo. Mwezi wa Januari 2002 mlima ule ulilipuka, lava ikatiririka mjini na kufunika sehemu ya njia ya kurukia, ndege zikabaki na njia fupi. Tarehe 15 Aprili, 2008, ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa lami na kuingia katika mtaa wa Birere, mahali pa maduka na wachuuzi. Miongoni mwa waliokufa wamo watu ambao hawakuwa na tikiti ya ndege. Walikuwa sokoni wakitafuta riziki.

Huko Hong Kong, kiwanja cha Kai Tak kilisifika dunia nzima. Kwa njia iliyojulikana zaidi, rubani alielekea kilima kilichochorwa miraba myekundu na myeupe, akakiona, kisha akapinda kulia karibu na paa za nyumba ndipo aikute lami iliyojengwa ndani ya bahari. Marubani walifanya mazoezi maalumu kwa ajili ya mpindo ule mmoja. Kiwanja kilifungwa mwaka 1998, kikajengwa kingine kisiwani, mbali na maghorofa.

Na huko Nepal, katika kiwanja cha Lukla, kwenye njia ya wapandao Everest, lami ina urefu wa mita 527 tu, imelala kwa mteremko, na mwisho wake ni mlima. Rubani akikaribia kutua hapo hawezi kubadili nia. Hakuna nafasi ya kupaa tena.

NEEMA YA KUJARIBU MARA YA PILI

Hapo ndipo nilipoielewa neema ya Tanga. Tofauti na Lukla, rubani wa Tanga anayo bahari ya kukimbilia. Akiona mambo hayakumkalia sawa, aweza kupaa, kuzunguka juu ya maji, kusubiri, na hata kurudi alikotoka. Marubani hufundishwa kwamba kupaa tena ni sehemu ya kazi yao kama kulivyo kutua. Rubani huwa na kimo alichokwisha jiwekea. Akikifikia asiione njia ya kutulia, hana budi kupaa. Hatakiwi kufikiri mara mbili wala kuona haya.

Lakini rubani naye ni binadamu. Nyuma yake wameketi watu wenye harusi, wenye mikutano, wenye wagonjwa, wenye maiti ya kuzika. Wengine wao husonya. Wengine wakishatua huandika barua za malalamiko. Kila msonyo humwongezea mzigo mtu ambaye twataka awe na moyo mwepesi wa kusema, "Hapana, leo hatutui." Mimi mwenyewe nilikuwa mmojawapo wa wanaosonya, na sababu yangu ilikuwa nzito. Hata hivyo uzito wa sababu yangu haukuifanya lami ionekane.

SEHEMU YETU TULIO CHINI

Nasi tusiopanda ndege tunalo la kufanya. Ajengaye nyumba ndefu au kusimamisha mnara karibu na kiwanja na aombe kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwani kimo cha jengo hilo humhusu mtu aliye angani. Tusitupe takataka kando ya viwanja. Takataka huita kunguru na korongo, na ndege wa manyoya aliyeingia katika injini aweza kuizima. Mbuzi na ng'ombe tuwazuie wasivuke uzio. Watoto tuwaonye wasikate njia kupita kwenye lami. Mambo haya yaonekana madogo, lakini rubani akishuka mvuani hana muda wa kutazama mbuzi ni wa nani.

Mwaka uliofuata nilisafiri tena kwa ndege kwenda Tanga, safari hii kumsalimu shangazi yule, mjane wa mjomba, na kuzuru kaburi. Mbingu ilikuwa safi, Usambara yote yaonekana kijani toka baharini, na tulitua bila mtikisiko. Nilipokuwa nashuka ngazi nilimwona rubani amesimama mlangoni. Hakuwa yule wa mwaka uliopita, lakini nilimshika mkono nikamshukuru. Akacheka, akaniambia kwamba leo hakuna alichofanya, hali ya hewa ilikuwa njema.

Sikumweleza kwamba shukrani ile ilikuwa deni la mwenzake. Wahenga walisema, kawia ufike. Nasi abiria tujifunze kukawia pamoja na rubani wetu, ili wanaotungoja nyumbani watutilie kahawa.