Sura ya Sita: Pwani Isiyo na Maji

Jahazi lililotoka Kilwa au Unguja kwenda Sur, Maskati au Ghuba halikuwa na njia nyingi za kuchagua. Lilipanda na kusi, likaipita Lamu, kisha Barawa, Merka na Mogadishu, halafu likaingia kwenye pwani ambayo kwa mamia ya maili haina mto wala bandari ya kujificha. Huko kuna Ras Hafun, kisha Ras Asir, pembe ya Afrika yenyewe. Ng'ambo, upande wa Arabuni, jangwa linaendelea: Dhofar, visiwa vya Hallaniyat, Ras Madraka, Masira, hadi Ras al-Hadd, kona ambayo kila jahazi la Ghuba lilipaswa kuizunguka. Kuanzia miaka ya 1840 hadi mwisho wa karne ya 19, manowari za Uingereza zilifanya doria hapa zikisaka majahazi yaliyobeba watumwa. Vitabu vya mabaharia wa Kiingereza hupenda kusimulia mizinga na mbio. Mimi naona kwamba pwani yenyewe, kwa upepo wake, mawimbi yake na ukame wake, ndiyo iliyoamua nani akamatwe na nani apite.

Kwanza tujiulize kwa nini manowari zilikwenda kusaka huko mbali, wakati watu walikuwa wakiuzwa mchana kweupe sokoni Mkunazini, Unguja. Jibu limo katika mikataba. Mkataba wa 1822, ambao nahodha Mwingereza Fairfax Moresby aliwekeana na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulikataza kuwapeleka Arabuni kutoka milki za Sayyid za Afrika. Lakini kuwasafirisha ndani ya milki hizo, kutoka Kilwa hadi Unguja na kutoka Unguja hadi Lamu, kuliendelea kuwa halali. Jahazi lililojaa Wayao na Wanyasa lingeweza kupita mbele ya manowari karibu na Pemba, na afisa asiwe na haki ya kuligusa. Kosa lilianza kaskazini ya Lamu. Kwa hiyo sheria ndiyo iliyoisukuma doria hadi kwenye mchanga wa Wasomali na miamba ya Oman, mahali pagumu kuliko pote kwa meli kukaa.

Ugumu huo ulikuwa na majira yake. Kusi huanza Aprili, na kwa wiki chache huwa upepo mwema wa kupandia. Juni na Julai hukaza, bahari ya Ras Asir ikachafuka kiasi kwamba manahodha huacha kabisa kutoka. Maji baridi yanayopanda kutoka kilindini huleta ukungu juu ya pwani ya Dhofar, na rasi hazionekani mpaka umezikaribia mno. Upepo hulegea kuanzia Agosti, demani ikaingia, na safari zikaanza tena. Doria ilikuwa na nafasi hizo mbili tu kwa mwaka, kabla ya kusi kukaza na baada ya kulegea. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalikuwa yakishuka kusini na tende, chumvi na samaki wa kukaushwa. Maafisa waliofanikiwa ni wale waliojifunza kalenda ya manahodha.

Manowari nazo zilikuwa chache, na kituo chao cha kazi kilienea karibu Bahari ya Hindi nzima. Ziliendeshwa kwa mvuke na matanga, na makaa yalipatikana katika bandari chache tu, kama Aden, Unguja na Maskati. Kila saa ya kuwasha tanuri ilikuwa saa iliyokopwa kutoka safari ya kurudi, na moshi wake ulionekana na nahodha kabla meli yenyewe haijaonekana. Ndiyo maana kazi kubwa ilifanywa na mashua. Manowari ilitia nanga nyuma ya rasi na kushusha mashua zenye afisa, mabaharia wachache, mkalimani na mapipa ya maji, nazo zikaachwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, zikivizia ukingoni mwa pwani. Maji yakiisha hapakuwa na kisima cha uhakika. Jua, homa na kuhara viliwaangusha mabaharia wengi kuliko risasi. Waliochochea makaa chini, katika joto ambalo Wazungu hawakulistahimili, mara nyingi walikuwa Waafrika na Wasomali walioandikwa kazi Unguja na Aden, waliojulikana melini kama Masidi. Wakalimani nao walitoka katika bandari hizohizo. Doria hii iliyoitwa ya Kiingereza isingesogea hata maili moja bila watu wa pwani yetu.

Tulitazame tukio moja kwa karibu. Mwaka 1868 nahodha George Sulivan wa manowari Daphne alikuwa akilinda pwani ya Wasomali. Jahazi moja lilipojiona limezidiwa, nahodha wake hakushusha tanga. Aliligeuza na kulielekeza ufukweni kwa kasi yote, moja kwa moja ndani ya mawimbi yanayovunjika. Hesabu yake ilikuwa rahisi: jahazi litapasuka, lakini watakaofika mchangani hai bado ni mali, nao watasukumwa bara kabla mashua haijathubutu kuvuka mawimbi. Sulivan ameandika jinsi watu wake walivyopenya mawimbi hayo wakaokoa watoto wachache waliobaki ndani ya mbao zilizovunjika, huku wengine wakizama au wakiswagwa juu ya vilima vya mchanga. Pwani ile haikuwa upande wa aliyefungwa. Aliyefika nchi kavu alikuwa na jangwa mbele na waliomteka nyuma.

Kwenye majahazi yaliyosimamishwa salama, kazi ya afisa ilikuwa kusoma dalili. Je, mchele ni mwingi kupita idadi ya mabaharia? Je, kuna matangi makubwa ya maji, sufuria za kupikia watu mia, jukwaa la mianzi lililopangwa juu ya shehena? Lakini jahazi hilohilo lingeweza kuwa limebeba boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Ghuba, abiria wa halali, na vijana wawili watatu ambao nahodha anadai ni wa nyumbani kwake. Afisa hakujua Kiswahili wala Kiarabu; alimtegemea mkalimani. Na serikali yake ilikuwa imeahidi zawadi ya paundi 5 kwa kila mtu aliyeokolewa, au malipo kwa ukubwa wa chombo. Kulikokota jahazi hadi mahakamani Unguja, Aden au Bombay kulikula makaa, kwa hiyo mengi yalichomwa moto palepale, na ushahidi ukateketea nayo. Wafanyabiashara wasio na hatia walipoteza kila kitu. Malalamiko yalizidi hata London ikalazimika kubana masharti kuanzia 1869. Lazima tuyaseme haya waziwazi, kwani kusimama upande wa waliofungwa hakutulazimishi kufumba macho kwa dhuluma waliyotendewa mabaharia wa Sur na Lamu.

Matokeo yake? Mwaka 1871 kamati ya Bunge la Uingereza ilipiga hesabu ya miaka mitatu, 1867 hadi 1869. Majahazi 116 yalikamatwa, na watu 2,645 wakaachiwa huru. Katika muda huo, kwa makadirio ya kamati, karibu 37,000 walipita. Kati ya kila watu kumi na watano waliosafirishwa, mmoja tu ndiye aliyeokolewa, na hiyo ilikuwa miaka ya doria kali kabisa, enzi ya manowari Daphne na Dryad.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akitishiwa kuzingirwa kwa manowari, alitia saini mkataba alioletewa na balozi John Kirk: masoko yafungwe, na usafirishaji wote wa watumwa baharini upigwe marufuku. Mwaka uliofuata meli kuukuu London ilitia nanga mbele ya mji ikawa kituo cha mashua. Wasafirishaji wakahamia nchi kavu, wakiwaswaga watu kwa miguu kuelekea kaskazini, mpaka Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo 1876. Waliobaki baharini walipata kinga nyingine: bendera ya Ufaransa; jahazi lililoipeperusha, Mwingereza hakuruhusiwa kulipekua apendavyo. Desemba 1881 nahodha Brownrigg wa meli London alilikaribia jahazi lenye bendera hiyo karibu na Pemba, akauawa na watu wa jahazi hilo. Majahazi ya Sur yaliendelea kuipeperusha, hadi Uingereza na Ufaransa zikafikishana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyoamua 1905 ni nahodha gani wa Oman anaweza kuitumia. Doria iliyoanza kwa ajili ya waliofungwa ilikuwa imegeuka ugomvi wa nani anatawala bahari. Muda si mrefu manowari zikawa zinasaka bunduki kwenye pwani ya Makran.

Na waliookolewa? Hawakurudishwa kwao; bara kulikuwa bado na vita na wawindaji wa watu. Wengine walishushwa Aden na Bombay, zaidi ya elfu mbili wakapelekwa Shelisheli kufanya kazi mashambani, na kuanzia 1875 wengine wakawekwa Freretown, Mombasa, ambako mahali penye kengele yao bado panaitwa Kengeleni. Mwaka 1888 manowari Osprey ilikamata majahazi yenye watoto wa Kioromo karibu na mlango wa Bahari ya Shamu. Sitini na wanne kati yao walipelekwa hadi shule ya Lovedale, Afrika Kusini. Mmoja alikuwa msichana Bisho Jarsa, aliyekua akawa mwalimu. Mjukuu wake, Neville Alexander, alifungwa miaka kumi Robben Island kwa kuupinga ubaguzi, kisha akatumia maisha yake kutetea lugha za Kiafrika mashuleni.