Panya wa Kufugwa Nyumbani: Yampasayo Mfugaji na Mhudumu wa Afya Kuyajua

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Na katika mazungumzo yetu panya amebaki kuwa jina la mharibifu. Kaya nyingi za Kiseke, kama zile za sehemu nyingine za Manispaa ya Ilemela, humfahamu kwa gunia la mpunga lililotobolewa, kwa kinyesi nyuma ya kabati na kwa mikwaruzo ya darini usiku. Pamoja na hayo, wapo watu wanaomfuga. Katika nchi nyingi panya ni mnyama wa nyumbani kama paka au sungura, na picha zake akicheza begani mwa mwenyewe huwafikia watoto wetu kwa simu. Mtoto anayeokota kinda la panya na kulificha katika boksi la viatu hana nia mbaya. Amevutiwa na kiumbe mdogo, mwerevu, anayezoea mkono wa binadamu upesi.

Swali linalowakabili wazazi na wahudumu wa afya ni hili: je, ni salama? Jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Usalama hutegemea mahali alikotoka panya huyo, namna anavyotunzwa, na zaidi ya yote kama habari zake zitatajwa zahanati siku homa itakapoingia nyumbani.

Panya si wa aina moja

Panya wa nyumbani, yule mweusi au wa kijivu mwenye mkia mrefu, hajawahi kuwa mnyama wa kufugwa hata kama amezaliwa darini mwetu. Hula jalalani, hupita mitaroni na hubeba viroboto. Panya mweupe hutokana na vizazi vingi vilivyozalishwa maabarani, na jamii yake ndiyo inayofugwa zaidi duniani. Huishi miaka miwili hadi mitatu. Panya buku ni mkubwa kuliko hao, aweza kufikia uzito wa kilo moja au zaidi, ana vifuko mashavuni vya kubebea chakula, na akitunzwa vizuri aweza kuishi hadi miaka minane.

Tofauti iliyo muhimu kiafya si rangi wala ukubwa, bali asili. Panya aliyezalishwa chini ya uangalizi, wazazi wake wakijulikana, ana hatari ndogo kuliko aliyenaswa shambani au kuokotwa uvunguni. Kuonekana mzima si ushahidi wa usalama, kwa kuwa panya hubeba baadhi ya vimelea maisha yake yote bila kuugua.

Mwaka 2003 jambo hili lilidhihirika Marekani. Panya buku na wanyama wengine wadogo walisafirishwa kutoka Ghana ili wauzwe kama wanyama wa nyumbani. Huko waliwekwa karibu na wanyama wengine wa jamii ya kindi waliokuwa wakiuzwa, wakawaambukiza virusi vya Mpox. Watu 47 katika majimbo sita walihesabiwa kuwa wagonjwa waliothibitishwa au waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Hakuna aliyekufa, lakini nchi hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa panya kutoka Afrika.

Funzo kutoka Morogoro

Hapa nchini tuna mfano bora wa panya wanaoishi na binadamu kwa faida. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Baadhi yao hunusa mabomu ya ardhini. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Wengine hunusa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja aliyefuzu aweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi.

Habari hizi hutupa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba upole wa panya hao ni zao la kazi. Huzoeshwa watu tangu wakiwa wachanga, hulishwa kwa utaratibu, vizimba vyao husafishwa, na afya yao hufuatiliwa na wataalamu. Hata makohozi wanayonusa hupashwa moto kwanza ili kuua vimelea. La pili ni kwamba panya wa nyumbani hapimi kifua kikuu. Hata kule Morogoro, sampuli iliyoonyeshwa na panya huthibitishwa kwa vipimo vya maabara. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi hana budi kwenda kituo cha afya.

Maradhi yanayohusika

Ugonjwa wa kwanza kukumbukwa ni homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa katika figo za panya na hutoka kwa mkojo. Humwingia binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho, pua au kinywa, ama moja kwa moja au kwa maji na udongo wenye unyevu. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wake mkoani Lindi, ambako watu 20 waliripotiwa kuugua na watatu kufariki. Kabla ya hapo sampuli zilipimwa Ebola na Marburg, zikaonekana hazina virusi hivyo. Mwanza nayo si mahali pa kujiona salama: uchunguzi umewahi kukuta dalili za maambukizi katika damu ya wafanyakazi wa machinjio jijini, ambao hugusa mikojo na damu ya wanyama kila siku.

Dalili huanza kwa kawaida siku tano hadi 14 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu makali ya misuli hasa ya mapajani na nyuma ya miguu, na macho kuwa mekundu. Wachache huingia katika hali mbaya: macho kuwa ya manjano, mkojo kupungua, kutokwa damu na kupumua kwa shida.

Ugonjwa wa pili ni homa ya kung'atwa na panya. Hupatikana kwa meno, kwa makucha, au hata kwa kumbusu panya mdomoni. Mara nyingi dalili hutokea siku tatu hadi kumi baadaye, jeraha likiwa limekwisha kupona: homa, viungo kuuma na kuvimba, na vipele mikononi na miguuni. Penisilini huutibu vizuri. Usipotibiwa, waweza kuua.

Tauni, inayoenezwa na viroboto vya panya, si ngeni katika ukanda wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 ilichunguzwa Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria, na tangu 1980 wilaya ya Lushoto imewahi kuisumbukia kwa miaka mingi. Panya wengi wakionekana wamekufa mahali pamoja bila sumu, wasiguswe kwa mikono mitupu. Taarifa itolewe kwa afisa afya. Zaidi ya hayo, kinyesi cha panya chaweza kuleta maradhi ya kuhara, na mkojo wake huweza kuchochea pumu.

Kuhusu kichaa cha mbwa, panya wadogo ni nadra sana kukiambukiza. Hata hivyo, kila jeraha la kung'atwa litathminiwe na mhudumu.

Mtu aking'atwa

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Lisipakwe majivu, mafuta wala kinyesi cha mnyama. Mgonjwa afike kituoni siku hiyo hiyo ili jeraha likaguliwe, chanjo ya pepopunda iangaliwe, na haja ya dawa iamuliwe. Mzazi asimchape mtoto kwa sababu ya kung'atwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa ndicho kinacholeta homa isiyoeleweka.

Neno kwa mhudumu wa afya

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka tisa aletwaye zahanati akiwa na homa ya siku nne. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Njia iliyozoeleka ni kumpa dawa ya kutuliza homa na kumrudisha nyumbani. Swali moja laweza kubadili mkondo wa tiba: "Je, kuna mnyama mnayemfuga au anayeingia ndani, na kuna aliyeng'atwa?" Liulizwe kwa upole na bila mshangao, kwani mama atakayeona anachekwa kwa ajili ya panya hatasema kweli. Mtoto aulizwe pia. Yeye ndiye ajuaye kilichomo katika boksi la viatu.

Palipo na shaka ya homa ya mgunda, matibabu yasisubiri majibu ya maabara ikiwa mgonjwa anazidiwa. Viuavijasumu kama penisilini, seftriaksoni au doksisaiklini hutumika kwa kufuata mwongozo wa taifa, umri wa mgonjwa na ukali wa hali. Mwenye manjano, mkojo mchache au damu isiyokoma apelekwe hospitali mapema. Maabara nayo ielezwe kwamba mgonjwa aling'atwa na panya, kwa kuwa bakteria wa homa hiyo haoti kwa urahisi katika vipimo vya kawaida.

Neno kwa mfugaji

Anayetaka kufuga achague mnyama aliyezalishwa, si aliyenaswa. Kizimba kiwe imara ili panya wa darini wasikutane na yule wa ndani, na kiwekwe mbali na jiko, chakula na mahali pa kulala. Maranda yabadilishwe mara kwa mara. Mkojo na kinyesi vilowanishwe kwa dawa ya klorini kabla ya kufutwa. Kufagia vikavu hurusha vumbi lenye vimelea. Glovu zivaliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa. Asibusiwe, asilale kitandani, asile katika sahani ya watu. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasipewe kazi ya kumhudumia. Panya akidhoofika, akitokwa usaha au akifa ghafla, daktari wa mifugo ajulishwe.

Familia isiyoweza kuyatimiza haya ni afadhali isifuge. Na ile ambayo tayari ina panya ndani, kwa hiari au bila hiari, imtaje kwa mhudumu kila homa inapoingia nyumbani.